Watoto 74, simu moja: kamera ya nini?

Swali: Shikamoo. Nafundisha Kiswahili Darasa la Nne katika shule ya msingi ya serikali hapa Tanga, upande wa barabara ya Pangani. Mkondo wangu una watoto 74. Nataka watengeneze filamu fupi kuhusu magofu ya Tongoni. Mzazi mmoja ameahidi kutununulia kamera, na mwalimu mkuu hana kipingamizi. Kwa sasa nina simu yangu tu. Niombe kamera ya aina gani, na nianzie wapi? Wenzangu wanasema huu ni mchezo, na darasa hili lina upimaji wa kitaifa.

Jibu: Marahaba, mwalimu. Kamera usiombe. Mzazi huyo mshukuru, kisha mwambie unachohitaji ni maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, stendi ya kusimamishia simu, kadi ya memori, na spika yenye nguvu ya kujaza darasa. Kabla hajalipa, ahakikishe plagi ya maikrofoni inaingia kwenye simu yako. Ziko za tundu la duara na ziko za tundu la chaji, na muuzaji hatakuuliza. Vyote hivyo kwa pamoja havifiki bei ya kamera ya maana, na simu yako, ikiwa si ya kale sana, inatoa picha zinazotosha kwa kazi hii.

Sababu ni kwamba filamu za shule huharibika masikioni kabla hazijaharibika machoni. Picha ikitikisika kidogo, mtazamaji huvumilia. Sauti ikiwa ya mbali, imechanganyika na upepo na darasa la jirani linaloimba jedwali la kuzidisha, hata mama wa mtoto anayesema hataambulia kitu.

Ila vifaa ni jambo dogo. Linalonipa wasiwasi katika barua yako ni neno "kuhusu Tongoni". Najua filamu hiyo itakavyokuwa msipoangalia. Watoto sita wamepangwa mstari mbele ya msikiti uliobomoka, sare zimepigwa pasi, kila mmoja na sentensi yake: magofu haya yako kusini mwa jiji la Tanga, yana msikiti na makaburi ya nguzo, ni ya karne nyingi zilizopita, ni kivutio cha utalii, asanteni kwa kunisikiliza. Sentensi zote umeziandika wewe. Mtoto kazi yake imekuwa kukariri na kusimama wima, na hiyo tayari anaifanya kila siku ya gwaride.

Sisemi Tongoni muiache. Wapeleke, waache watembee, kisha waulize wameona nini. Makaburi ya nguzo ya pwani yetu, yaani yenye nguzo ndefu ya mawe iliyosimama kaburini, yalipambwa kwa bakuli na sahani za kaure zilizoletwa na majahazi kutoka ng'ambo, zikapachikwa kwenye chokaa. Nyingi zimeng'olewa, na mahali pake umebaki mduara mtupu. Mtoto wa miaka kumi akiuona mduara ule atataka kujua bakuli limekwenda wapi, nani alilibandua, na alipandaje hadi kule juu. Hapo ana hadithi, na ni ya kwake kwa sababu swali ni lake.

Vivyo hivyo na mkonge, ambao kila shule ya Tanga huutamani. Mtoto akisoma kwamba Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893 na kwamba ni 62 tu iliyofika hai, amesema kweli, na darasa limeshasinzia. Mwulize ni nani aliyeimwagilia ile 62. Hajui, wala wewe hujui, wala vitabu havisemi jina lake. Sasa mtume akamuulize babu yake aliyekata mkonge alama ile ya mkononi aliipataje. Atarudi na mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha kiada, na atayasimulia bila karatasi.

Utaratibu ninaoueleza una wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko California, Dana Atchley, msanii, na Joe Lambert, mtu wa tamthilia, walianza kuwafundisha watu wa kawaida kutengeneza filamu za dakika mbili tatu: picha za albamu ya nyumbani na sauti ya mwenyewe ikisimulia juu yake, basi. Mwaka 1994 kazi hiyo ikapata kituo San Francisco, na baadaye Bernard Robin wa Chuo Kikuu cha Houston akawa miongoni mwa waliowapelekea walimu. Lambert alitaja mambo saba yanayoifanya simulizi ya namna hii isimame. Kwa Darasa la Nne mimi hubakisha mawili: swali linalomfanya msikilizaji angoje jibu, na uchache wa maneno. Hayo mengine yatakuja na umri. Wale wa California walikuwa watu wazima wenye albamu zao na majonzi yao; watoto wako wapimie dakika moja na nusu.

Wiki ya kwanza simu ibaki mkobani. Waketi wawili wawili, mmoja asimulie, mwingine asikilize. Wanaujua mwanzo tangu kwa bibi zao: "Paukwa!" "Pakawa!" Kwetu hadithi haianzi mpaka msikilizaji aitike, na wewe mpe huyo msikilizaji kazi zaidi ya kuitika. Msimulizi akimaliza, aulizwe maswali matatu ya kweli: ulikuwa wapi, nani alisema nini, ulijuaje? Majibu ya maswali hayo ndiyo mara nyingi hadithi yenyewe, kwa maana mtoto huruka jambo kubwa akidhani kila mtu analijua. Atakwambia "tulikwenda kwa shangazi Pangani tukarudi", na ukimbana unagundua njiani walikaa na jeneza ndani ya basi.

Kisha waandike. Rasimu ya kwanza itajaa "halafu" na "tukaenda", iache hivyo. Maneno 250 yapunguzwe hadi 120 hivi, ambayo mtoto wa umri huo akisoma bila kukimbizana anamaliza ndani ya dakika moja na nusu. Huko kupunguza ndiko somo lenyewe, mwalimu: kuchagua, kufupisha, kupanga, kuweka nukta mahali pake. Mwenzako akipita dirishani akauliza mnafanya nini, mjibu mnafanya utungaji na ufupisho, na hujamdanganya.

Baada ya hapo itoe simu, lakini kwa sauti tu. Mtoto asome rasimu yake, umrekodi kwa kile kinasa sauti kilichomo ndani ya simu, umchezee papo hapo. Mara ya kwanza atacheka au atafunika uso, maana sauti ya mtu mwenyewe ikitoka nje humshangaza. Mchezee tena. Mara ya pili ataanza kusikia makosa. Mtoto ambaye hajali nukta daftarini hujali akisikia pumzi yake imekatika katikati ya jina la shangazi. Ataomba daftari arekebishe, na hutakuwa umemwambia neno. Sijaona kalamu nyekundu ikifanya kazi hiyo. Ukiwa na muda wa jambo moja tu kati ya yote niliyoandika hapa, fanya hili na filamu uiache.

Kuhusu lugha, usiwasafishe mno. Watoto wako wengine nyumbani wanasema Kidigo, Kibondei au Kisambaa. Kama bibi alisema jambo kwa Kidigo, mtoto aliseme hivyo hivyo, kisha aeleze kwa Kiswahili maana yake. Ni sentensi moja tu, na hadithi nzima inapata mwenyewe.

Sasa watoto 74. Gawa makundi kumi na mawili: kumi ya watoto sita na mawili ya saba. Kila mtoto aandike hadithi yake, wote 74, na hizo ndizo utakazosahihisha. Kila kundi lichague moja ya kugeuza filamu. Wasipige kura, kwa sababu kura humpa ushindi mtoto mwenye marafiki. Wachague ile iliyoulizwa maswali mengi na wasikilizaji. Ndani ya kundi kuna msimulizi, wachoraji, mpiga picha, mwenye kusikiliza kwa spika za masikioni kama sauti imekaa vizuri, na mwenye kushika karatasi. Andika ukutani zamu za kushika simu. Usipoandika, wavulana wawili watachukua simu siku ya kwanza na hawatairudisha, na wasichana watabaki kushika karatasi mwaka mzima.

Karatasi ninayosema ni ya kawaida, ya A4. Ikunjwe mara tatu, ikunjuliwe, mna visanduku vinane. Kila kisanduku ni picha moja, na chini yake maneno yatakayosikika picha hiyo ikionekana. Picha nane kwa sekunde 90 zinatosha kabisa. Kila moja inakaa muda wa mtu kuitazama. Mtoto akidai ya tisa, mwambie aondoe moja. Mabishano yatakayofuata ni ya kuhariri hasa, na yanafanyika sakafuni kwa penseli, bila bando wala umeme.

Picha zenyewe ziwe michoro yao kwanza. Mchoro ulazwe karibu na dirisha, simu ishikwe juu yake sambamba, kivuli cha mkono kisiingie. Ongeza picha za vitu: panga la kukatia mkonge, kikapu, baiskeli ya baba, mikono ya bibi. Nje, wafundishe jambo moja tu: jua liwe mgongoni kwa mpiga picha. Simu ilale upande, isisimame wima, kwa kuwa mtaonyesha ukutani. Inatosha.

Kurekodi sauti ya mwisho kunataka akili ya mtu wa pwani. Upepo wa baharini huongezeka kadiri jua linavyopanda, hivyo rekodini asubuhi, saa mbili hivi, na si alasiri. Msirekodi katika darasa tupu lenye kuta za saruji na paa la bati, maana litawarudishia sauti kama kisima. Stoo ya vitabu ni bora kuliko chumba chochote shuleni. Vitabu na maboksi humeza mwangwi. Hakuna stoo? Tundika kanga mbili tatu nyuma na pembeni ya mtoto. Maikrofoni ibanwe kifuani, au simu iwe umbali wa shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipulize. Masika mvua ikipiga bati, acheni, fanyeni michoro. Adhana ikianza, nyamazeni mpaka iishe.

Simu ni yako, na kuna mambo ya kujilinda. Wanafunzi hawaji na simu shuleni, kwa hiyo hiyo moja itapita mikono mingi. Iweke katika hali ya ndegeni kabla ya kuigawa: simu ya mtu ikiita inakata rekodi, na ujumbe wa kikoba kuhusu deni lako hauna haja ya kusomwa na watoto sita. Funga programu za pesa kwa namba ya siri. Mkirekodi video, shusha ubora wa picha hadi 720 katika mipangilio ya kamera ya simu. Kwa 1080, ubora wa juu zaidi, dakika moja hula megabaiti 100 na zaidi katika simu nyingi, na kadi yako itajaa upesi. Jioni ile ile hamisha kila kitu kwenye kompyuta au kadi nyingine, na upe mafaili majina: kundi, namba ya picha. Utakuja kunishukuru kwa hilo kuliko yote.

Kuunganisha fanya wewe, kwa KineMaster, CapCut au programu yoyote uliyoizoea. Toleo la bure la KineMaster huacha nembo yake kwenye picha. Haidhuru kitu darasani, usilipe. Laza sauti kwanza, yote, ndipo upange picha juu yake kwa kufuata karatasi ya kundi. Ukianza na picha utakesha. Kila kundi lilete watoto wawili wakae kando yako waamue: hapa ikae zaidi, hapa ikate. Wewe ni kidole chao tu. Utatamani kuongeza maua yanayodondoka na herufi zinazozunguka. Jizuie. Muziki pia, nyimbo za Bongo Fleva zina wenyewe na zinameza sauti ya mtoto. Kama hadithi inaomba mdundo, darasa zima lipige makofi au ngoma ya shule, mrekodi sekunde ishirini.

Utauliza: video halisi lini? Pale ambapo jambo lenyewe ni mwendo. Mama anasuka ukili, fundi anasokota kamba ya katani, nahodha anatweka tanga: hapo picha iliyoganda haisemi kitu, na video ya sekunde ishirini inasema yote. Wenzako wa sayansi nao wachukue stendi yenu, waitege mbele ya maharage yaliyopandwa kwenye chupa, wapige picha moja kila asubuhi mahali pale pale. Zikichezwa mfululizo, mmea unatoka udongoni mbele ya macho ya watoto. Hiyo haihitaji hata msimulizi.

Kuna hadithi ambazo hutazitoa, na hili ulifikirie kabla halijakukuta. Tanga ni ya wavuvi, na pwani hii imeteswa sana na uvuvi wa baruti. Mtoto anaweza kukuandikia kwa moyo safi jinsi mjomba wake alivyopoteza vidole, na filamu ikionyeshwa mbele ya wazazi, umemfikisha mjomba polisi na mtoto umempa adui nyumbani. Wako pia watakaoandika kipigo, njaa, baba aliyeondoka. Isome rasimu kila moja mwenyewe kabla kundi halijachagua. Hadithi ya namna hiyo ibaki kati yako na mtoto, imepewa alama zake. Ile inayoonyesha kwamba mtoto yuko hatarini mpelekee mwalimu mkuu au afisa ustawi wa jamii, wala usiifanye filamu.

Na ruhusa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sura ya mtoto na sauti yake ni taarifa zake, na kwa mtoto idhini hutolewa na mzazi au mlezi. Andika barua fupi ya Kiswahili kinachoeleweka, ukitenganisha mambo mawili: kuonyesha darasani na siku ya wazazi, na kupeleka mtandaoni. Mzazi aweke alama kwa kila moja. Wengi watakubali la kwanza wakasita kwa la pili, na wana haki. Ushauri wangu ni usipeleke mtandaoni kabisa mwaka huu, hata kwenye status yako. Ukitumia michoro badala ya sura umeshapunguza nusu ya shida, tena utaona watoto wenye haya wanajitokeza, kwa sababu hawataonekana.

Kwa upande wa kalenda, upimaji wa Darasa la Nne huja kuelekea mwisho wa mwaka, kwa hiyo usianze Septemba. Anza muhula wa kwanza, vipindi viwili kwa wiki, viwe vipindi vyako vya Kiswahili na si vya mwenzako. Siku ya kuonyesha, filamu kumi na mbili za dakika moja na nusu ni dakika kumi na nane, zinaenea ndani ya kipindi cha dakika 40 na nafasi ya maswali inabaki. Ziba madirisha kwa kanga, chaji spika tangu usiku, maana umeme hauna ahadi. Kama projekta haipatikani, kompyuta ya shule juu ya meza na watoto wakipishana kwa makundi inatosha.

Alama zitoe kwa andiko na usomaji, filamu isiwe na alama. Na usibishane na wanaosema ni mchezo. Chukua madaftari kumi yoyote, nakili rasimu ya kwanza na ya mwisho ya kila mtoto kwenye karatasi mbili bila jina wala tarehe, zichanganye, umpe yule mwenye maneno mengi kuliko wote chumba cha walimu azisahihishe kwa vigezo vyake mwenyewe vya utungaji. Akimaliza, mkae wote wawili mpange zipi zilikuwa za kwanza.